Ngozi ya Dobi Kola

Kati ya duka langu na la dobi pana ukuta wa mbao tu. Mimi nauza chakula cha mifugo: pumba, mashudu, mifupa iliyosagwa, dawa za minyoo. Watu wananiita Mama Pumba na siku nyingi nimeacha kukasirika. Yeye walimwita Kola, kwa sababu mtaa mzima hapakuwa na mwingine aliyeweza kunyoosha kola ya shati ikasimama yenyewe kama inasikiliza wimbo wa taifa. Kwa miaka kumi na mmoja, sauti ya kwanza niliyoisikia kila asubuhi ilikuwa pasi yake ikitua mezani, halafu mvuke ukipumua. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa majirani wa kusalimiana na kuazimana ngazi.

Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, msafi kupita kiasi. Aliwahi kuoa, mke akaenda zake, hawakujaliwa mtoto, basi. Aliishi chumba cha uani kwenye nyumba waliyoachiwa na baba yao, na nyumba kubwa alikaa mdogo wake, karani wa idara ya maji, na mkewe na watoto watatu. Kola ndiye aliyemsomesha huyo mdogo wake kwa pasi. Mwenyewe hakuwahi kulisema. Nililisikia kwa karani, zamani, enzi alipokuwa bado analisema.

Mimi ni mjane. Wanangu wako mbali na simu zao ni za sikukuu. Nilichokuwa nacho ni mbwa wangu, Meneja, niliyempa jina hilo kwa vile tangu akiwa mdogo kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni, kuangalia wenzake wakifanya kazi, na kupiga miayo.

Ugonjwa wa Kola ulianzia mdomoni. Nilijua kwa sababu ya chai. Kila siku saa nne asubuhi muuza chai alimpitishia kikombe, naye alikinywa kingali kinatoa moshi. Mwaka ule nikaona anakiacha mezani mpaka chai inaganda utando, ndipo anakiinamisha kwa upande mmoja wa mdomo.

"Jino?" nikamuuliza.

"Vidonda vidogo tu. Wanasema vitamini."

Akala vitamini miezi mitano. Suruali ikaanza kumpwaya. Kisha yakaja malengelenge, kifuani na mgongoni, na pale mkanda unapokaza kiunoni. Hayakuwa magumu kama ya kuungua. Yalikuwa laini, yamelegea, mepesi kama povu la sabuni, na hayakumaliza siku. Yalipasuka na kuacha kidonda chekundu kibichi kisichotaka kukauka. Lakini dobi akiwa na malengelenge nani atauliza mara mbili? "Kola, umeungua tena?" watu wakamwambia. "Siku hizi unapiga pasi umefumba macho?" Naye akacheka nao. Mimi mwenyewe nilimletea dawa ya kupaka ya kuungua. Sikujiuliza mtu anajiunguza vipi mgongoni.

Aliyeanza kuondoka alikuwa mwalimu mmoja. Alikuja kuchukua blauzi yake nyeupe, akakuta doa kwenye mkono wa nguo, dogo, la majimaji yenye damu. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Alisema, "Haidhuru," akakusanya na zile ambazo bado hazijafuliwa, akaenda nazo. Baada yake wakaondoka wengine, mmoja mmoja, kila mtu na adabu yake. Kola akawa anapiga pasi kwenye joto lile amevaa mikono mirefu na glovu.

Nyumbani nako mambo yakaanza. Shemeji yake si mtu mbaya, tuseme haki. Alikuwa na watoto na alikuwa na hofu. Kwanza akamtengea kikombe, sahani na kijiko, kijiko akakifunga uzi mwekundu ili kisichanganyike. Akamwambia, "Shemeji, usinifikirie vibaya." Kola akajibu, "Naelewa, shemeji." Halafu akapewa beseni lake. Halafu watoto wakakatazwa kuingia chumbani kwa baba mkubwa. Mwisho mdogo wake akamwita pembeni. "Kaka, ni kwa muda tu. Hebu lala dukani mpaka upone."

"Naelewa," Kola akasema.

Mchana ule nilimwona anakuja na godoro kichwani.

"Unahama, jirani?"

"Napunguza safari," akasema. Tukacheka wote wawili, na mimi nikarudi ndani haraka nisije nikaulizwa kitu.

Zahanati ilimpa dawa ya fangasi, kisha dawa ya bakteria, ikampima kila kitu ambacho watu wanapimwa wakikonda. Hakikuonekana kitu. Ndipo akaelekezwa hospitali kubwa, ambako daktari wa ngozi huwa na kliniki mara moja kwa wiki. Daktari yule, mama wa makamo mwenye miwani mizito, alimwangalia mdomoni, akamwangalia mgongo, kisha akaweka kidole gumba kwenye ngozi ambayo ilikuwa nzima kabisa na kuisugua kidogo. Ngozi ikateleza ikatoka, kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Akakata kipande kidogo kikapelekwa kupimwa. Jibu lilipotoka likawa na jina ambalo Kola alilileta limeandikwa kwenye karatasi, maana halikumkaa mdomoni: pemfigasi.

Hayo aliniambia kupitia ukuta. Tulikuwa tumeanza kuzungumza hivyo, kila mtu upande wake, yeye na pasi yake, mimi na mizani yangu. Nadhani ilikuwa rahisi kwake kuzungumza na mtu asiyemwona.

"Daktari anasema seli za ngozi zimeshikana kwa kitu kama gundi," akaniambia. "Sasa kinga yangu ya mwili, ile inayopigana na maradhi, imechanganyikiwa. Inaiona gundi yangu mwenyewe kama adui. Inaila. Ngozi inaachana."

"Imetoka wapi hiyo?"

"Haijatoka popote. Sijaambukizwa na mtu na siwezi kumwambukiza mtu. Daktari amelirudia hilo mara tatu. Hata nikilala na mtu kitanda kimoja, hata tukinywa kikombe kimoja." Pasi ikatua. "Nikamwambia mbona hata wa kulala naye kitanda kimoja sina. Akacheka, daktari."

"Pole, jirani," nikasema. "Afadhali umejua."

Jioni ile, kabla ya kufunga, niliuhamisha mtungi wangu wa maji ya kunywa. Ulikuwa kwenye rafu ya ukuta ule wa mbao, nikaupeleka upande wa pili. Hakuna aliyeniona. Nalisema kwa sababu niliahidi moyoni kwamba nikiisimulia habari hii sitajiruka.

Akaanza dawa. Vidonge vinane kila asubuhi, vya kuituliza hiyo kinga iliyopagawa. Mwezi haukuisha, mdomo ukapona. Ile siku ya kwanza aliyokunywa chai ya moto nilimsikia akivuta kikombe kwa kelele, mvuto mrefu, kisha kimya, kisha mvuto mwingine. Ngozi ikaanza kufunga. Lakini vidonge vile vina tabia yake. Uso ulimvimba ukawa mviringo kama mkate wa sinia, njaa ikawa haimwachi, usingizi ukamkimbia. Watu waliomkimbia akiwa amekonda sasa wakasema, "Kanenepa ghafla, kuna jambo." Hakuna hali ambayo ingewaridhisha. Wateja hawakurudi. Akabakiwa na mmoja tu, mwenye gesti ya kona ya pili, aliyemletea shuka kila wiki. Kwa zile shuka ndiyo aliishi.

Wakati huo mbwa wangu akaugua.

Ilianza puani, pale juu penye weusi. Pakapauka, pakaota magamba ya njano. Yakapanda kuzunguka macho, yakaenda ndani ya masikio, na nyayo zikawa ngumu, zimepasuka, akawa anatembea kama anakanyaga misumari. Nilimpaka oili chafu ya gari, kama kila mtu anavyofanya. Nikamwita daktari wa mifugo, tunayemwita Dokta Buti kwa kuwa hatujawahi kumwona na kiatu kingine. Akamchoma sindano ya upele mara tatu, wiki tatu, na Meneja akazidi kuharibika. Wateja wangu nao wakaanza kuruka mlango wangu wakimwona. Muuza mayai mmoja akaniambia wazi, "Mama Pumba, hilo lipige risasi."

Siku moja saa nane mchana, jua kali, Kola alitoka akakaa kwenye ngazi yake. Meneja alikuwa amejilaza kivulini. Nikamwona Kola anainamisha kichwa, anamtazama kwa muda mrefu, kisha akasogea akachuchumaa karibu yake, yeye ambaye siku hizo hakumsogelea mtu.

"Mama Pumba, kabla ya haya magamba kunakuwa na nini?"

"Upele tu."

"Upele gani? Kuna kijipu chenye maji, kinapasuka mara moja, ndipo gamba linakuja?"

Nikafikiri. "Ndiyo. Kama usaha. Ukikiona asubuhi, mchana hakipo."

"Anajikuna sana?"

"Si sana. Anaonekana anaumia tu."

Akavua glovu, akamgeuza taratibu, akamwangalia tumboni. Meneja akamwachia. Alikuwa na vijipu viwili bado vizima. Kola akaviangalia kama anavyoangalia doa kwenye kitambaa, kwa upande, akitafuta mwanga.

"Hii siyo yangu hasa," akasema. "Lakini inafanana na yangu."

"Unamfananisha mbwa wangu na wewe, au unajifananisha na mbwa wangu?"

"Chagua la heshima," akasema. "Ila mwambie Dokta Buti aache sindano za upele. Akate kipande, akapeleke kupima."

Dokta Buti hakupenda kufundishwa kazi na dobi. Alifika amenuna, akamsikiliza Kola kwa mikono mifukoni, na kadiri alivyosikiliza ndivyo mikono ilivyotoka mifukoni. Alikata vipande viwili akavipeleka maabara ya chuo cha mifugo. Baada ya wiki tatu akarudi amebadilika uso, kama mtu aliyekutana na kitu alichokisoma zamani akasahau.

"Ni pemfigasi," akasema. "Siyo aina ya huyu bwana. Yake inakula ndani, mpaka mdomoni. Hii ya mbwa inakaa juu juu. Ukoo mmoja, nyumba mbalimbali. Na hakuna aliyempa mwenzake, msije mkaanza. Mbwa kaugua kivyake, mtu kaugua kivyake. Imetokea tu kwamba mmoja alikuwa na macho ya kumtambua mwenziwe."

Akampa vidonge. Vilevile vya Kola! Meneja naye akawa na njaa ya ajabu, akatoboa gunia la chakula cha vifaranga akala mpaka akalala palepale. Ikawa kila asubuhi saa moja Kola anagonga ukuta mara mbili.

"Meneja kala dawa?"

"Kala. Na wewe?"

"Nimekula."

Nitasema kitu ambacho ni cha aibu kidogo kwa mwanamke wa umri wangu. Nilianza kufika dukani mapema ili nisikose kule kugonga.

Magamba ya Meneja yakadondoka, pua ikarudi nyeusi, na hapo ndipo nilipotegemea mambo yawe mazuri. Watu hawakuiona hivyo. Waliona mbwa na dobi wanakula vidonge vya aina moja. Yaliyobaki wakayajaza wenyewe. Wengine wakasema mbwa alimwambukiza dobi, lakini hao hawakudumu, kwa sababu dobi alitangulia kuugua. Basi ikageuzwa: dobi kaambukiza mbwa. Na kama kaambukiza mbwa, shuka je?

Mwenye gesti alikuwa na kuku mia mbili. Alikuja dukani kwangu kununua chakula chao, akaegemea mizani, akashusha sauti.

"Hivi ni kweli, huyu jirani yako ndiye aliyemwambukiza mbwa?"

Nilikuwa naujua ukweli. Nilikuwa nimeusikia kwa daktari wa mbwa kwa masikio yangu na kwa daktari wa watu kupitia ukuta. Kulikuwa na wateja wengine wawili dukani, wote wameacha kuzungumza. Nikafikiria magunia yangu. Nikafikiria watu wakianza kusema chakula cha Mama Pumba kina ugonjwa. Nikasema, "Watu wanasema."

Maneno mawili tu. Hata sikuyasema kwa ubaya.

Wiki ile shuka hazikuja. Wala wiki iliyofuata. Kola aliendelea kufungua, aliendelea kugonga ukuta. "Meneja kala dawa?" "Kala. Na wewe?" Ila jibu likabadilika, akawa anasema, "Yeye asikose hata siku moja." Mimi sikulisikia badiliko hilo, au nililisikia nikalipita, kwa sababu nilikuwa siwezi kumtazama machoni na nilikuwa nafurahi kwamba kuna ukuta. Kumbe alikuwa ameacha dawa. Baadaye aliniambia alichoka na ule uso kwenye kioo, na kwamba alijiuliza ngozi inapona kwa ajili ya kumwonyesha nani.

Daktari alikuwa amemwonya asiviache ghafla. Haikuchukua hata miezi miwili. Asubuhi moja nikafika sikusikia pasi. Nikangoja agonge ukuta. Saa moja ikapita, saa mbili ikafika. Nikagonga mimi.

"Kola! Meneja kala dawa!"

Nikatoka, nikazunguka upande wake.

Mlango wake ulikuwa umerudishwa tu. Alikuwa kwenye godoro nyuma ya meza, kifudifudi, shati limegandamana na mgongo, na mgongo haukuwa na ngozi ya kusema ni ngozi. Mdomo umejaa vidonda, hawezi kumeza hata mate. Aliponiona akataka kuvuta shuka ajifunike. Nilimpigia mdogo wake mara nne, simu ikaita ikakatika. Dereva wa teksi niliyemsimamisha alichungulia tu, akasema gari lina hitilafu. Basi nikampigia Dokta Buti, akaja na pikapu lake la kubebea ndama.

Ilibidi nimshike kwapani kumwinua. Ngozi ilinitelezea kiganjani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumgusa kwa miaka kumi na mmoja, na nakumbuka jinsi alivyokuwa wa moto, na jinsi alivyosema kwa sauti ya mtu mwenye mdomo mbichi, "Samahani, nitakuchafua." Nikaketi naye nyuma ya pikapu, kwenye majani makavu, mpaka hospitali.

Walimlaza. Daktari wa miwani mizito alimfokea kwanza, ndipo akamtibu. Walimtundikia dripu za dawa ileile kwa kipimo kikubwa, muuguzi akawa anamfunga vidonda kila asubuhi kwa shashi zilizolowekwa mafuta ili zisishikamane. Wiki ya kwanza sikwenda kumwona. Nilikuwa napiga simu wodini nauliza hali, nakata. Siku ya nane nikachukua mashati yake matatu yaliyobaki dukani, nikawasha pasi yake, nikayapiga. Kazi ile ngumu, nyie. Kila nikinyoosha mkono mmoja, mwingine unajikunja. Kola zikalala chali.

Nilipofika mlangoni wodini nilikuta mtu amenitangulia. Alikuwa mdogo wake, amesimama pale pale kizingitini, kofia mkononi, hajaingia. Kitanda cha Kola kilikuwa cha mwisho dirishani, kwa hiyo karani alilazimika kupaza sauti kidogo, na wagonjwa wote walikuwa wanasikia.

"Kaka, tulikuwa na mambo mengi nyumbani. Simu nayo ilikuwa haina chaji. Na shemeji yako, unajua, bado ana wasiwasi na watoto. Ila unaelewa lakini, kaka."

Kola alikuwa amelala ubavu. Akamgeukia mdogo wake.

"Hapana," akasema. "Sielewi."

Karani akacheka kidogo, kicheko cha kutafuta pa kushika. "Aah, kaka…"

"Nimejitahidi mwaka mzima kuelewa. Nimeelewa kikombe, nimeelewa beseni, nimeelewa godoro. Daktari yupo hapo chumba cha tatu, mlango uko wazi. Ungemuuliza. Swali moja tu, ungemuuliza." Akafumba macho. "Mimi ningekuuliza habari zako hata ungekuwa na ukoma."

Karani akavaa kofia, akanipita bila kuniona. Sijui kama alipita chumba cha tatu. Ningependa kusema alipita, lakini korido ile ina njia mbili za kutokea na mimi nilikuwa natazama ndani.

Niliketi kwenye kiti cha pembeni mwa kitanda. Nikampa mashati. Akalikunjua moja, akaliangalia kola, akaligeuza, na nikaona anapigana na mdomo wake usicheke kwa sababu kucheka kulimuuma.

"Nani amefanya ukatili huu?"

"Mimi," nikasema. "Na si huo tu."

Nikamwambia. Nikamwambia mwenye gesti aliuliza nini na mimi nilijibu nini. Nilianza kueleza habari ya magunia na wale wateja wawili, nikaona naanza kujitetea, nikaacha.

Kola akakunja shati vizuri, mikono nyuma, kama kawaida yake.

"Nilijua," akasema. "Alipokuja kuchukua shuka zake za mwisho aliniambia. Alisema, 'Hata Mama Pumba hajakataa.'"

"Ulijua tangu siku ile? Na bado ulikuwa unagonga ukuta?"

"Mbwa hakuwa na kosa."

Nilingoja aseme amenisamehe. Hakusema. Muuguzi akaja kubadilisha shashi, akaniambia nitoke, Kola akasema, "Mwache, ashike lile bakuli la shashi." Nikashika bakuli.

Alikaa hospitali wiki tano. Alipotoka hakurudi uani kwa mdogo wake, akapanga chumba nyuma ya soko, dirisha moja. Nilimwendea mwenye gesti mwenyewe, mchana, mbele ya wafanyakazi wake, nikamwambia niliyopaswa kumwambia mwanzo. Akanisikiliza, akasema atafikiria. Mpaka leo anafikiria. Dukani kwangu kila aliyeuliza nilimjibu, na wasiouliza niliwajibu pia, mpaka mmoja akasema siku hizi ukinunua pumba unapewa na somo la ngozi. Wateja wawili walinihama. Kola yeye alirudiwa na wanne: fundi seremala mmoja, wanakwaya wawili, na Dokta Buti na makoti yake yanayonuka ng'ombe. Anafungua siku tatu kwa wiki, maana nguvu si zile. Vidonge amebakiwa na kimoja na nusu kwa siku, na daktari anasema huenda asiviache kabisa.

Na sisi? Watu wanapenda kuuliza. Tunasalimiana, tunaazimana ngazi. Asubuhi anagonga ukuta. Kuna kitu kati yetu ambacho kilivunjika kabla hakijawa kitu, na wote wawili tunakizunguka kwa adabu. Nilimwalika chakula mara mbili. Mara ya kwanza alisema amechoka. Mara ya pili alikuja, akala, akasifu mchuzi, akaondoka mapema.

Meneja aliishi miaka miwili baada ya pale, akafa kwa uzee, pua yake nyeusi inang'aa. Kola ndiye aliyechimba kaburi. Alikataa kusaidiwa.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kliniki, maana dawa zimemlegeza magoti na ngazi za hospitali ni nyingi. Kwenye benchi la kusubiria kulikuwa na binti mmoja, amejifunga mtandio mpaka chini ya macho, amekaa mwisho kabisa. Kati yake na wagonjwa wengine watu wameacha nafasi ya watu watatu. Kola akaenda akakaa kwenye ile nafasi, karibu kabisa naye, bega kwa bega. Binti akasogea.

"Usisogee," Kola akamwambia. "Mdomoni?"

Binti akaitikia kwa kichwa.

"Na mgongoni?"

Akaitikia tena. Kisha akasema kitu, sauti ndogo ndani ya mtandio. Kola akainamisha sikio.

"Inapona," akasema. "Inachukua muda, na dawa usiache hata ukichukia uso wako. Mimi niliacha, nikajuta."

Binti akauliza tena. Safari hii nilimsikia. "Na watu? Watu wanarudi?"

Kola akageuka. Alinitazama mimi, niliyesimama ukutani na mkoba wake, kisha akaangalia viatu vyake.

"Wachache," akamwambia. "Wengine wanarudi wamechelewa."

Muuguzi akafungua mlango akaita namba. Ilikuwa ya binti. Akasimama, akajishika mtandio, akasita, na Kola akasimama naye wakaenda wote mpaka mlangoni.